Akiba Haiozi, ila Hukamatwa

Hakuna aibu inayochoma kama ya mtu aliyesimama pekupeku uwanja wa ndege, mkanda mkononi, huku mkaguzi akichomoa kutoka kwenye begi lake, kwa ncha za vidole viwili, kitu ambacho mwenyewe alikwisha kukisahau. Aprili 2024 aibu hiyo ilimshukia baba mmoja wa Oklahoma aliyekuwa amekwenda na mkewe visiwa vya Turks and Caicos, eneo la ng'ambo la Uingereza huko Karibiani, kusherehekea miaka 40 ya kuzaliwa. Wakati wa kurudi nyumbani zikaonekana risasi nne begini. Si bastola, si bunduki. Risasi tupu, masalio ya safari ya kuwinda kulungu. Walipokuwa wanatoka Oklahoma begi hilohilo lilipita kwenye ukaguzi wa Marekani bila mtu kushtuka, na mamlaka inayohusika, TSA, ikaja kukiri kwamba risasi zilipita mbele ya macho yake. Visiwani hazikupita. Sheria ya huko inaweka kifungo cha miaka 12 kuwa adhabu ya chini kabisa kwa kosa hilo, kwa hiyo mtu aliyekwenda kusherehekea miaka 40 akaambiwa huenda atarudi kwake ana 52. Mkewe aliachiwa akapanda ndege. Yeye akabaki, kwenye ufukwe uleule ambao watu huuwekea fedha mwaka mzima ili waufikie, mpaka Juni mahakama ilipoona kuna sababu za kipekee ikampa kifungo cha nje cha wiki 13 na faini ya dola 2,000. Wala hakuwa peke yake: miezi hiyohiyo alinaswa mwenzake wa Pennsylvania na risasi 20, wa Virginia na risasi mbili, na mama mmoja wa Florida aliyekuwa amekwenda kwa ajili ya Siku ya Mama, naye na mbili. Msomaji wa Nairobi au Dodoma asicheke kwa sauti kubwa. Kwetu pia sheria haingoji bunduki. Risasi bila kibali ni kosa hata kama umeikuta chini ya begi ukitafuta mswaki.

Visa hivi vingebaki kuwa vya wasahaulifu tu kama Wamarekani wenyewe wasingekuwa na ubishi wa miaka na miaka usiokwisha: mtu anayetembea na bastola iliyofichwa chini ya shati, je, abebe na risasi za akiba? Si ubishi wa watu wachache. Vibali vya kubeba silaha iliyofichwa nchini humo vimezidi milioni 20, majimbo 29 hayadai hata kibali, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka New York, ilisema kubeba bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda ni haki ya kikatiba. Kundi moja linasema zilizo ndani ya bastola zinatosha. Kundi la pili linasema anayetoka nyumbani bila magazini ya pili hajakua. Mimi nasimama na kundi la kwanza, na sababu yangu haihusu ushujaa wala woga. Utasema zile za Oklahoma zilikuwa za kuwindia, si za kujilinda. Kweli kabisa. Lakini risasi ya akiba, iwe ya kulungu au ya jambazi, ina tabia moja: haina kazi ya kila siku, na kisicho na kazi ya kila siku huzurura. Bastola iliyo kiunoni inakubana mbavu, unaikumbuka kila ukikaa. Akiba huhamia kwenye koti, kutoka koti ikaingia begini, kutoka begini ikaingia kwenye sheria ya nchi nyingine.

Tuifungue kwanza magazini yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu. Kwa nje ni kikasha cha chuma au plastiki kinachoingia ndani ya mpini wa bastola. Ndani yake kuna springi ndefu, juu ya springi kuna kibao kidogo kinachobeba risasi, na juu kabisa kuna kingo mbili zilizopindwa kwa ndani, ambazo mafundi huziita midomo. Springi inasukuma kwenda juu usiku na mchana, midomo inazuia. Bastola inapofyatuka, kipande chake cha juu hurudi nyuma na kulitupa nje ganda tupu, kisha hurejea mbele kwa kasi, kikaikumba risasi ya juu kwenye kitako, kikaichomoa midomoni na kuipandisha kwenye mwinamo mfupi mpaka ndani ya chemba. Kabla kipande hicho hakijarejea, springi lazima iwe imekwisha kuinua risasi inayofuata na kuiweka mahali pake sawasawa, na yote haya yanamalizika kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Ukilifikiria vizuri, ajabu si kwamba kitu hiki hukwama, ajabu ni kwamba hakikwami kila mara. Midomo ikipanuka kidogo tu, labda kwa sababu magazini iliangukia sakafu ya saruji wiki iliyopita, risasi mbili huweza kutoka kwa pamoja na kubanana mlangoni mwa chemba, hapo bastola ikawa kipande cha chuma cha bei ghali. Na ndani ya ubishi kuna ubishi mwingine: wapo wanaoamini kwamba springi ikikaa imebanwa kwa miezi huchoka, kwa hiyo huzipumzisha magazini zao kwa zamu, wanazimwaga Jumapili na kuzijaza nyingine. Wanaojua vyuma husema springi iliyotengenezwa vizuri haichoshwi sana na kukaa imebanwa. Kinachoichosha ni kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa. Yaani mapumziko yenyewe ndiyo kazi.

Sasa, kutokana na ujenzi huo inapatikana hoja moja ya akiba ambayo naiheshimu. Risasi mbili zikibanana namna ile, tiba yake ni kuitoa magazini nje kabisa, kuvuta kipande cha juu mara kadhaa ili uchafu wote umwagike, kisha kuingiza magazini tena. Ukiwa na ya pili, unaitupa ile mbovu na kuingiza nzima. Kwa maneno mengine, akiba yenye maana ni akiba ya kikasha, idadi ya risasi ni jambo la pembeni. Hoja nzuri. Tatizo ni makazi ya hiyo akiba. Magazini ya risasi 15 za milimita 9, ikijazwa, ina uzito wa takriban robo kilo, na mtu wa kawaida huitumbukiza mfuko wa suruali, penye funguo, sarafu, karatasi ya kufutia pua iliyokwisha kutumika na big-jii iliyochomoka kwenye ganda lake. Baada ya miezi miwili iangalie kwa karibu: vumbi la nguo limejipanga chini ya midomo, uzi mmoja umejizungusha kwenye kibao, na risasi ya juu imesogea mbele kidogo kwa sababu ya kurukaruka na hatua zako. Kile kilichobebwa ili kuokoa magazini iliyokwama sasa ndicho chenye sababu zote za kukwama. Watetezi watajibu kwamba zipo ala maalumu za kufunga kwenye mkanda. Zipo. Lakini bastola upande mmoja, ala ya magazini upande wa pili, simu, funguo, halafu shati la kufunika yote hayo katika joto la Texas; wengi wakaishia kuvaa kile kizibao cha mifuko mingi cha wavuvi, ambacho wabeba bastola wenyewe wamekibatiza jina la kizibao cha "nipige mimi kwanza". Silaha ilifichwa ili isijulikane, akiba yake ikaitangaza.

Tuje kwenye idadi, maana huko ndiko kelele ziliko. Walimu wa shabaha wa Marekani wana kanuni yao ya kienyeji ya tatu-tatu-tatu: yadi tatu, sekunde tatu, risasi tatu. Ni kanuni ya mdomoni, siiwekei uzito wa takwimu. Lakini matukio yanayojulikana sana yanaelekea hukohuko. Desemba 29, 2019, katika kanisa moja la White Settlement, Texas, mtu aliyefyatua bunduki katikati ya ibada na kuua waumini wawili alimalizwa na mlinzi wa kujitolea, Jack Wilson, kwa risasi moja, na shambulio zima lilichukua sekunde sita hivi. Julai 17, 2022, kwenye jengo la maduka huko Greenwood, Indiana, kijana wa miaka 22 aitwaye Elisjsha Dicken alimkabili mtu mwenye bunduki ya mtindo wa kivita kwa bastola, kutoka umbali ambao watu wengi hata kwenye mazoezi hawaujaribu. Alipiga risasi kumi, nane zikampata. Huyu ndiye raia aliyepatwa na shida kubwa kuliko zote ambazo wabeba bastola huziwaza kitandani, na alimaliza na kumi. Hakubadilisha magazini.

Upande wa pili nao wana mifano yao, nami sitaificha. Wa kwanza ni Miami, Aprili 11, 1986, ambapo maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili, maofisa wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa na rivolva za risasi sita, na kujaza rivolva, risasi moja moja, kwa mkono uliojeruhiwa, ni adhabu. Mfano wa pili ni wa askari wa Skokie, Illinois, ambaye mwaka 2008 alipiga risasi 33 kabla adui yake hajaanguka. Zamani alikuwa akienda kazini na risasi 47, baada ya siku ile akaanza kwenda na 145. Siwezi kumcheka aliyenusurika kifo. Ila naomba tutazame kazi ya watu hawa. Maofisa wa FBI waliwafuata majambazi kwa makusudi. Askari wa Skokie alikuwa akimfukuza mwizi wa benki. Mshahara wao unalipwa ili wasiondoke. Raia aliyeingia dukani kununua maziwa hana deni hilo. Kazi yake ni kupata nafasi ya kukimbia, na akishaipata, kila sekunde anayotumia kubadilisha magazini ni sekunde ambayo angeitumia kufika mlangoni. Risasi 145 za milimita 9 zina uzito unaozidi kilo moja na nusu. Kwa mtu ambaye silaha yake kuu ni miguu, huo ni mzigo ulioelekezwa kwa adui asiye sahihi.

Hapo watetezi huleta mfano wao wa mwisho, tairi la akiba: hutarajii pancha, lakini unalo. Sawa. Tairi la akiba, hata hivyo, likitoka kwenye buti haliwezi kumjeruhi mpita njia. Risasi ya ziada ina mahali itakapoishia, nayo si lazima iwe ulipopalenga. Uchunguzi wa taasisi ya RAND juu ya polisi wa New York, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006, katika mapambano ya kurushiana risasi, askari hao walipata shabaha kwa asilimia 18 tu. Pale ambapo adui hakujibu, asilimia 30. Hao ni watu wanaolazimishwa kufanya mazoezi. Agosti 24, 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walipiga risasi 16 kumzuia muuaji mmoja, na wapita njia tisa wakajeruhiwa, wote kwa risasi za askari au vipande vyake. Raia anayekwenda uwanja wa shabaha mara mbili kwa mwaka, akisukumwa na springi ya woga, atafanya vizuri zaidi? Akiba inamwongezea nafasi za kukosa, na kila kosa lina mwenye mwili. Bila kusahau kwamba magari mengi mapya siku hizi yanauzwa bila tairi la akiba, na wenye magari wanalalamika, lakini barabarani wapo.

Turudi kwenye usahaulifu, kwa kuwa ndio unaonishawishi kuliko hesabu zote. Mwaka 2024 TSA ilikamata bastola na bunduki 6,678 kwenye milango ya ukaguzi ya viwanja vya ndege vya Marekani, na asilimia 94 kati yake zilikuwa zimejazwa risasi. Faini mwaka huo iliweza kukaribia dola 15,000. Utetezi unaosikika mara nyingi kuliko wowote ni "nilisahau", na mimi nauamini kabisa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayepeleka bastola kwenye eksirei kwa makusudi. Kama watu zaidi ya 6,000 kwa mwaka wanaweza kusahau bastola nzima, chuma kizito chenye umbo linalojulikana hata na mtoto, tusidanganyane juu ya risasi mbili ndogo kuliko kidole zilizolala kwenye mshono wa begi. Januari 2015 askari wa kulinda Bunge la Marekani alisahau msalani bastola yake pamoja na magazini, zikiwa zimechomekwa kwenye kasha la karatasi za kufunikia kiti cha choo. Aprili 2018 mwalimu mmoja wa Florida aliacha yake katika choo cha ufukweni, akakumbuka aliposikia mlio. Juni mwaka huohuo, ofisa wa FBI aliyekuwa mapumzikoni alipiga sarakasi kwenye ukumbi wa dansi huko Denver, bastola ikaanguka, akainama kuiokota, ikafyatuka na kumpata mtu mguuni.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Anayebeba bastola ahakikishe magazini moja iliyo ndani yake ni nzima: aijaribu kwa risasi nyingi, aitie alama, akiidondosha aitoe kazini. Nafasi iliyobaki mfukoni aweke mkanda wa kubania damu, wenye kijiti cha kukazia, unaouzwa kwa bei ya magazini moja hivi na ambao hakuna mkaguzi wa uwanja wa ndege atakayeushika kwa ncha za vidole. Mwenye rivolva ya risasi tano anaweza kubisha, na kwake sitakaza sana shingo. Begi la kuwindia libaki begi la kuwindia, lisiende harusini wala visiwani.

Lakini ubishi huu wote una sharti ambalo halitajwi: unamhusu mtu ambaye akikutwa na bastola ya halali, anaulizwa maswali kwanza. Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, jimbo lenye Wakenya na Wasomali wengi wanaoendesha gari kama watu wengine, askari alimsimamisha Philando Castile, mfanyakazi wa jiko la shule, mtu mweusi mwenye kibali cha kubeba silaha. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye kibali aseme kuhusu silaha yake pale askari anapomuuliza. Castile hakungoja kuulizwa. Alimwita askari bwana, akamwambia kwa adabu kwamba ana bastola. Muda si muda zilipigwa risasi saba, tano zikampata, mchumba wake akiwa pembeni na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Kwa mtu kama huyo unamshauri magazini ngapi? Wanaoandika kurasa na kurasa juu ya haki ya kubeba magazini ya pili walikuwa wazito wa ulimi wiki ile, na chama kikubwa kuliko vyote cha wenye bunduki nchini humo kilitoa taarifa isiyotaja hata jina lake. Bastola yake haikuwa imetoka mfukoni. Juni 16, 2017, jopo la mahakama lilimwachia askari huyo kwa makosa yote.